Glavu Alizozifuma Baba

Kirumba,
Mwanza.
19 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Adoyo,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na joto la Mtwara umeanza kulizoea. Huku hatujambo. Mama yupo na samaki wake pale Mwaloni kama kawaida, na Collins amefaulu mtihani wa muhula, kwa hiyo hakai nyumbani tena kwa maringo.

Sikupiga simu kwa sababu nyumba yetu unaijua. Ukinong'ona chumbani, aliyeko sebuleni anakujibu. Suzana, jirani yetu, anapanda ndege kesho kuja huko, ndiye atakayekuletea barua hii.

Shangazi, nimechoka. Kaka yako amenichosha.

Unakumbuka miaka yote hii baba anaiita kriketi mchezo wa kusimama juani bila sababu. Mimi ni mlinda wiketi, yule anayesimama nyuma ya vijiti vitatu kudaka mpira, na sikuwahi kumwona uwanjani hata mara moja. Wiki iliyopita mojawapo ya glavu ulizoninunulia ilifumuka kwenye kidole gumba, nikampa zote mbili anishonee, maana kwa sindano na uzi wa nyavu hakuna anayemfikia mtaa huu. Akasema atazileta mwenyewe uwanjani Jumamosi. Nilifurahi nikashindwa kulala.

Alikuja kweli, hadi Nyegezi, na shati lake la kanisani. Nikapokea glavu. Mama yangu! Alikuwa amefuma wavu kati ya vidole vyote, mikono yote miwili, macho madogo yale ya kukamata dagaa. Akanieleza mbele ya wenzangu kwamba sasa mpira hauna pa kupenya.

Sheria inakataa, Shangazi. Mlinda wiketi peke yake ndiye anayeruhusiwa glavu uwanjani, na kwa upendeleo huo tunabanwa kila upande. Sitakiwi hata kutanguliza kidole mbele ya vijiti kabla mpira haujamgusa mpigaji au ubao wake, au haujavipita vijiti vyenyewe. Na katikati ya vidole hakuna kuziba chochote, isipokuwa kipande kimoja kati ya gumba na kidole cha shahada. Hayo yote nayajua. Lakini baba alikuwa amesimama pale anatabasamu, ningemwambiaje? Nikazivaa.

Mwamuzi aliziona kabla ya mpira wa kwanza kurushwa. Kuzikataa ilikuwa haki yake. Kilichoniuma ni kuziinua juu na kuuliza kwa sauti, "Dada, umekuja kudaka mpira au kuvua dagaa?" Uwanja mzima ukacheka. Baba akacheka pia kidogo, kisha akaelewa kwamba anachekwa yeye.

Glavu za akiba mimi sikuwa nazo. Paskazia wa Mirongo, tunayegombea naye nafasi hiyo, akavaa zake akachukua nafasi yangu, mimi nikapelekwa pembeni kabisa ya uwanja. Aliangusha mipira ya wazi mpaka nikawa nauma kola ya fulana. Tulifungwa. Nilipogeuka kumtafuta baba, alikuwa ameshaondoka.

Tangu siku hiyo amenuna. Anakula kimya, anatoka kimya. Nami nina hasira naye, halafu namwonea huruma, halafu hasira inarudi. Kwa nini hakuniuliza kwanza? Tundu moja tu ndilo nililompa! Jumamosi hii ndiyo mechi ya mwisho ya kuchagua timu ya kwenda Dar, na mlinda wiketi anachukuliwa mmoja.

Jana nilizikuta glavu juu ya kitanda changu. Wavu wote ameukata, nyuzi amezing'oa moja moja, na kati ya gumba na kidole cha shahada ameweka kipande cha ngozi. Kocha Kashindye anasema baba alimfuata hadi kwake kumuuliza sheria inataka nini. Kwa kocha alikwenda, Shangazi. Mimi tunalala nyumba moja, hajanitamkia neno.

Uliniahidi glavu mpya, nashukuru, lakini usinunue. Nisalimie Mjomba Pius na mdogo wangu Rose, na Mungu awafunike wote kwa afya njema.

Ninachokuomba ni kimoja. Mpigie kaka yako simu, wewe anakusikiliza. Mwambie Jumamosi nitavaa zile alizoshona yeye.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,
Ajwang