Ili Nionekane Kilimani

Kaka Simiyu,

Baiskeli yako ninayo mimi. Siku ya kunyolewa nywele, baada ya mazishi yako, wazee walipogawa vitu vyako, koti lilienda kwa Baba Mdogo, viatu vikaenda kwa binamu zetu wa Misikhu, na baiskeli ikabaki uani bila mtu kuitaja. Ndipo Kuka, babu yetu, na uzee wake wote, akasema, "Apewe huyu karani. Si yeye ndiye ana mahali pa kwenda?" Watu walicheka. Kukataa kitu cha marehemu mbele ya wazee ni kumkataa yeye mwenyewe. Nilipokea kwa mikono miwili, kisha nikaiegemeza nyuma ya jiko na kuifunika kwa turubai.

Wakati huo nilikuwa bado nafanya kazi Kitale. Niliomba uhamisho nikapewa. Sasa niko Bungoma mjini, naandikia wakulima risiti za mbolea. Tunafunga ofisi jua linapozama. Pikipiki unajua siziwezi, tangu zamani. Kwa hiyo ilibidi nichague: nipange chumba mjini na Mama alale peke yake kule Bumula, au nipite kwa baiskeli kile kilima baada ya daraja, pale ulipogongwa. Mama hakutaka hata kusikia. "Lala huko huko mjini," alisema. "Mmoja ametosha."

Dereva wa ile pikapu alisema hakukuona. Baba Mdogo alimwita mwongo. Mimi nilitoa turubai nikaikagua baiskeli, kwa sababu nilitaka kujua.

Taa yako ilikuwa ya dainamo. Inawaka gurudumu likizunguka kwa kasi. Jioni ile ulikuwa na gunia la pumba za ng'ombe, na kwenye kile kilima hakuna anayeendesha na gunia. Ulishuka ukasukuma, kama kila mtu. Taa ikazimika. Nyuma kulikuwa na kile kioo chekundu ulichokisugua kila Jumapili kabla ya kanisa. Lakini gunia tunalifunga likiwa limening'inia chini ili lisiyumbe. Lilikifunika. Na koti lako lilikuwa jeusi.

Ndivyo ilivyokuwa, Kaka. Nilikaa kando ya baiskeli mpaka Mama akaniita mara mbili.

Giza lilipoingia nilitundika sweta yangu ya kazini, ile ya buluu, kwenye ua wa michongoma, nikaenda hadi kwenye kona na kurudi nikimulika tochi. Nilikaribia kuigusa ndipo nikaiona. Kesho yake nilishona utepe unaong'aa mgongoni na mikononi. Usiku nikaimulika tena: nikiwa bado kule konani, ikang'aa yote.

Kwa hiyo sasa nina taa mbili za betri, ambazo haziulizi kama gurudumu linazunguka. Nyeupe iko mbele. Nyekundu nimeifunga chini kabisa, karibu na ekseli, ambako hakuna gunia litakaloifikia. Nina jaketi ya riflekta, na utepe kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu miguu inayopanda na kushuka humwambia dereva kuwa huyu ni mtu.

Ungecheka. Mjini wananisimamisha: "Boda! Nipeleke sokoni!" Vijana wa kinyozi wananiita mama wa trafiki. Na jirani yetu Mama Nekesa, jioni ya kwanza, aliona vifundo viwili viking'aa gizani bila mwili, akatupa ndoo na kupiga mayowe kuwa mlozi ametoka mapema. Nilipomsalimia akanigombeza: "Ati ni wewe? Si ungekohoa, bana!" Kijiji kizima kilipata hadithi.

Nadhani wewe ungeona aibu kuvaa hivi. Uliwahi kuniambia, "Mwanaume hajipambi kama mti wa Krismasi." Sikulaumu. Naandika tu kwamba nalikumbuka hilo, na kwamba kuna jioni linanikasirisha.

Kilimani mimi hushuka nikasukuma, kama wewe. Gari likija nyuma nasikia likipunguza mwendo, kisha linanizunguka kwa mbali. Hapo ndipo napumua.

Miezi ya kwanza Mama alikuwa akisimama barabarani na koroboi, hata kwenye mvua. Juzi nilifika nikakuta hayupo. Niliogopa, nikaitupa baiskeli na kukimbia ndani. Alikuwa ameketi, amekula, anavua viatu. Akaniambia ugali umepoa kwa sababu yangu, na nifunge mlango.

Nikafunga. Nikasimama pale mlangoni kidogo.

Pumzika, Kaka. Nakuahidi hivi: siku taa itakapokataa kuwaka, nitalala mjini kwa mwenzangu wa ofisini, hata Mama akinuna wiki nzima. Sitasema ni karibu tu. Siku nyingine zote nitarudi nyumbani.

Dadako,
Nafula