Majina Chini ya Rangi

2 Februari

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa mzee wako. Mgongo haujambo, na macho bado yanasoma bango la upande wa pili wa barabara. Wewe je, na huyo wa tumboni? Miguu imeacha kuvimba?

Nimefurahi daktari kusema ni msichana. Basi jina tunalo: ataitwa jina la marehemu mama yako. Ni jina la uvumilivu, na mama yako alilitendea haki. Wateja wangu wote wameshaambiwa, hata kinyozi niliyemwandikia bango jana. Jina lako nilikupa mimi, ukakua nalo vizuri, kwa hiyo niamini.

Kitanda chako cha utotoni kipo darini. Nitakishusha.

Baba yako,
Fundi Herufi

17 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Miguu imepungua kuvimba tangu waniteremshe kwenye winchi niliyokuwa naiendesha. Sasa nakaa ofisini kupanga zamu, nawaona wenzangu dirishani wakinyanyua nondo ovyo, roho inaniuma. Mkweo fundi umeme anakusalimu.

Jina, baba, twende taratibu. Tumeanza orodha, ipo kwenye mlango wa jiko. Shani, maana yake jambo la nadra, la kushangaza. Nakshi, urembo uliochorwa au kuchongwa kwa mkono; hilo nilidhani wewe utalipenda. Bashasha, uchangamfu wa uso. Azma, nia iliyokazwa. Wasaa, nafasi ya kutosha, mtu asibanwe.

La mama silitaki. Nampenda mno, lakini nilimwona akivumilia mpaka siku ya mwisho, na sitaki mwanangu azaliwe akiwa ameshapangiwa kazi hiyo. Tena nikimwita aje kuoga nitalia.

Mwanao,
kifungua mimba wako

1 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila nimecheka mpaka brashi ikatoka nje ya mstari. Nakshi! Huyo ni mtoto au mlango? Bashasha je, siku akinuna watu watamwitaje? Shani ni duka la vitambaa, bango lake nimeliandika mimi mwenyewe mara mbili. Na Wasaa ndiyo kabisa, mtoto aitwe nafasi kama chumba cha kupanga?

Kitanda kimeondoka leo asubuhi na lori la mizigo. Nimekipiga nyeupe mara mbili, na kwenye ubao wa kichwani jina la mama yako, kwa buluu, herufi zenye kivuli. Tangu nianze kazi hii sijaandika jina vizuri hivyo. Ukiliona utaacha ubishi.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumai u mzima. Kitanda kimefika bila hata mkwaruzo.

Jina ni zuri sana. Nilikaa sakafuni nikalipapasa herufi moja moja. Kisha nikakasirika. Uliamua kabla ya kuniuliza, na nilipokataa ukaongeza kivuli. Wateja wako unawachorea kwanza kwa chaki, wanakubali, ndipo unafungua kopo. Mimi hata chaki sikupata. Kesho nanunua msasa.

Mwanao

15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Karibu wiki nne kimya. Unaumwa, au umenuna? Kama unaumwa nijulishe. Kama umenuna, nuna huku unasoma.

Nimekwangua polepole, maana tumbo haliniruhusu kuinama. Chini ya nyeupe kuna kijani, ileile ya mlango wa jiko letu la zamani. Juu ya kijani kuna jina langu, na mwandiko si wako. Herufi zinapanda kama zinakwea ngazi, ya mwisho imebanwa ukingoni kwa kukosa nafasi. Ni mama. Ndivyo alivyokuwa akiandika kwenye makopo ya sukari na chumvi.

Nikakwangua kidogo pembeni. Chini ya kijani kuna nyekundu, na hapo ndipo nilipokuona wewe: herufi zimenyooka, hakuna iliyoyumba. Ni mwanzo wa jina la bibi, mama yako mzazi.

Miaka yote naambiwa jina langu ulinipa wewe. Naomba ukweli kabla mtoto hajafika.

Mwanao

27 Aprili

Binti yangu,

Kwa mwili sijambo. Nilinuna, nakiri. Barua yako nimeifungua nikiwa juu ya ngazi nikimalizia bango la duka la dawa. Nikashuka, nikakaa chini.

Ni kweli. Mama yako alipokuwa na mimba yako niliandika kitandani jina la mama yangu, bila kumuuliza. Siku moja niliporudi kutoka kazini nikamkuta na kopo la rangi ya mlango, tumbo limemtangulia, brashi yangu bora imekuwa kama ufagio. Akaniambia, "Mama yako nampenda. Lakini huyu ni mwanangu, haji kumalizia maisha ya mtu." Nikakasirika mwezi mzima. Ulipozaliwa watu wakalisifu jina, nami nikasema nimelichagua mimi. Mama yako alicheka tu, akaniachia. Nimeusema uongo huo mara nyingi mpaka nikauamini.

Sasa nimerudia kosa lilelile, kwa rangi nzuri zaidi, tena juu ya mwandiko wake mwenyewe. Nilidhani nikiliandika jina lake patakuwa na mtu wa kuliitikia tena. Nimemkosa sana mama yako, ndiyo hivyo tu. Nisamehe.

Ndani ya kifurushi kuna brashi yangu nyembamba, ile niliyokuwa nakukataza hata kuigusa, na kopo dogo la buluu. Jina la kupendekeza sina.

Baba yako

22 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na mtoto mzima. Amezaliwa Jumanne mchana, kilo tatu na robo, na sauti yake inashinda king'ora cha winchi. Mkweo ameunganisha nyaya zote za jengo bila kutetemeka, lakini nepi ya kwanza ilimshinda.

Kijani sikuigusa tena. Jina langu kwa mkono wa mama limebaki kichwani mwa kitanda, pamoja na ile pembe nyekundu ya bibi. La mtoto nimeliandika kwenye ubao wa miguuni, kwa brashi yako, na kwa chaki kwanza. Mama aliishiwa na nafasi kwenye ile herufi ya mwisho. Mimi nilipima kabla ya kuanza.

Anaitwa Wasaa. Ndiyo, cheka, chumba cha kupanga! Tumempa nafasi tupu, aingize mwenyewe anachotaka.

Njoo umshike. Kaa naye dirishani umsimulie habari za mama, ulitaje jina lake kila siku, hata mara mia. Mimi nipo. Kila ukilitaja, nitakuitikia.

Brashi ziache nyumbani. Herufi yangu ya mwisho imelala kidogo, naijua, imenikaa rohoni hivyohivyo. Ukithubutu kuinyoosha nakurudisha na lori la mizigo.

Mwanao,
Mama Wasaa