Laini ya Mwalimu Mokua

Jumanne, 11 Machi 2025

Kisii. Mvua tangu alfajiri. Wazazi wa shule ya kutwa ya mjini walikuwa kwenye korido ya ofisi ya elimu kabla milango haijafunguliwa – kina mama wengi, wanaume wachache, miavuli ikichuruzika sakafuni. Wanataka kitu kimoja: chumba cha vyuo kitambuliwe. Ni chumba ambamo watoto waliomaliza Kidato cha Nne husaidiwa kuchagua kozi, kutuma maombi ya chuo na kuomba mkopo wa masomo. Shule kubwa za bweni zina walimu wa kazi hiyo. Shule ya kutwa ina mwalimu mmoja wa historia, Mokua, anayeifanya Jumapili bila malipo, kwa kompyuta mbili na simu yake mwenyewe.

Anayewaongoza ni Eucabeth, muuzaji wa ndizi wa soko la Daraja Mbili. Ana sauti ya mtu aliyezoea kubishana na madereva wa lori. Mkurugenzi wa elimu alipotokea alimwita "mama yangu". Eucabeth akamwambia kwa umri amemzidi, aache kujifanya mtoto, ajibu swali. Korido nzima ikacheka. Mkurugenzi pia.

Swali: mwalimu wa kudumu wa chumba hicho, intaneti, na laini ya simu iliyo ya shule. Jibu: litaangaliwa katika bajeti ya mwaka ujao.

"Litaangaliwa na nani, na kwa darubini gani?" Hilo lilikuwa la Jasper, fundi wa kuchomelea vyuma.

Mhariri amekata habari hadi aya tatu. Analalamika haina machozi. Ni kweli, hayakuwepo.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kukiona chumba chenyewe. Zamani kilikuwa stoo ya maabara. Bado kinanuka asidi. Kwa nini Jumapili? Kwa sababu karibu nusu ya familia ni Waadventista na Jumamosi hawagusi kazi. Wakatoliki wanakuja baada ya misa. Mokua amelipanga hilo mwenyewe.

Utaratibu wake ni huu. Tovuti ya maombi hutuma namba ya siri kwa simu kila mwombaji anapotaka kuingia. Watoto wengi hawana simu. Simu za wazazi hupotea, huuzwa, laini zimesajiliwa kwa majina ya majirani. Basi Mokua amewaandikisha wote – arobaini na kidogo – kwa laini yake. Simu inalia, anasoma namba kwa sauti kama mnadani, mtoto anaandika, wanasonga mbele. Nilimuuliza itakuwaje akiipoteza. Akasema laini ni yake, ataifufua dukani kwa kitambulisho kabla chai haijapoa.

Leo kulikuwa na nyuso ndefu. Matokeo ya duru ya kwanza ya nafasi za vyuo yametoka, wengi wamekosa. Bosibori, binti wa Eucabeth, ana B+ na anataka uuguzi. Amekosa kozi zote alizoomba, kwa pointi chache. Duru ya pili inafunguliwa kesho na kufungwa Ijumaa tarehe 28, saa sita usiku. Asiyechagua upya hana nafasi ya serikali mwaka huu. Na mwaka ujao ataanza nyuma ya darasa zima jipya.

Mokua aliwaambia wasikimbilie kuchagua. Jumapili ijayo atakaa na kila mmoja.

Mkewe Purity alikuja kumchukua, mtoto wao Ratemo mgongoni, miaka miwili, amelala. Eucabeth akawapa mkungu mzima wa ndizi.

"Mama Bosibori, watu watadhani nimefungua kibanda!"

"Fungua tu, mwalimu. Nitakuletea na mteja."

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu Mokua amefariki. Jana jioni, barabarani, Keumbu. Lori la majani ya chai liligonga pikipiki aliyokuwa abiria wake. Mwendeshaji yuko hospitalini na mguu mmoja. Dereva wa lori hajapatikana.

Nilifika leo asubuhi. Mchanga juu ya damu, wachuuzi wameshatandaza nyanya hatua chache kutoka hapo. Mwanamke mmoja alisema waliofika kwanza walichukua simu, saa na viatu, ndipo wakaita polisi. Alisema hivyo huku akipima nyanya.

Habari yangu: aya mbili. Nimemtaja kwa jina. Mhariri ameandika "abiria".

Ijumaa, 21 Machi

Eucabeth alipiga simu kuuliza kama najua siku ya mazishi. Jumatano, Nyaramba, nyumbani kwao. Akasema alikuwa mtu mzuri. Nikakubali. Kisha:

"Mwandishi. Laini."

Sikuwa nimeifikiria. Yeye pia, hadi Bosibori alipojaribu kuingia kwenye tovuti leo na kuambiwa namba imetumwa. Imetumwa kwa simu ya marehemu, ambayo iko mfukoni mwa mtu Keumbu, au imezamishwa chooni.

Jumatatu, 24 Machi

Duka la kampuni ya simu, Kisii. Mimi, Eucabeth, Jasper. Kijana wa kaunta alitusikiliza kwa adabu. Laini ya marehemu inafufuliwa, ndiyo. Anataka kibali cha mazishi, kitambulisho cha mrithi, na barua ya chifu inayomtaja mrithi huyo.

Nilipiga Nairobi. Msemaji wa udahili alisema namba inaweza kubadilishwa bila laini ya zamani: siku kumi na nne za kazi. Je, tarehe ya kufunga itasogezwa? Hapana. Aliwaomba wazazi wawe na subira. Nikamwambia nitamnukuu. Akasema sawa.

Eucabeth hakuona tatizo. Mwalimu ana mke. Mke aende kwa chifu, achukue barua, tumalize. Jasper akatazama viatu vyake. Yeye ametoka upande wa Nyaramba. Akasema polepole:

"Mama Bosibori, huyo Purity... ng'ombe hawajawahi kwenda kwao Keroka."

Yaani mahari haikutolewa. Wameishi miaka minne, wana mtoto, lakini huko kwa kina Mokua hajahesabiwa kuwa mke.

"Na sasa wataenda vipi, na mwenyewe amekufa?" Eucabeth aliuliza.



Jumatano, 26 Machi

Nyaramba. Mazishi. Mashamba ya chai pande zote mpaka ukingoni mwa kaburi. Walimu kwa sare za kwaya, mahema matatu, spika inayokoroma.

Kijitabu cha mazishi kina kurasa nane. Jina la Purity halimo. Ratemo ametajwa: "ameacha mtoto mmoja". Purity alikaa hema la wageni, pamoja na wazazi wa Kisii. Ilipofika zamu ya familia kutupa udongo hakuitwa. Alikwenda mwenyewe, akatupa, akarudi. Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyempisha pia.

Msemaji wa familia ni Onchiri, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa maneno machache, koti limepigwa pasi vizuri. Alisema marehemu alikuwa hajaoa rasmi. Alisema mambo yake yote – shamba la chai, malipo ya mwalimu aliyefia kazini, kila kitu – yatashughulikiwa na ukoo. Alisema bila hasira, kama mtu anayetangaza ratiba.

Kisha mwenyekiti wa bodi ya shule. Yeye ambaye miaka yote hakuwa na bajeti. Alitangaza kwamba chumba cha vyuo sasa kinatambuliwa rasmi na kitaitwa kwa jina la Mwalimu Mokua. Makofi! Eucabeth alisimama, bila kipaza sauti, akauliza: na laini? Mwenyekiti akasema mama, tuko mazishini.

Baadaye Eucabeth na Jasper walimfuata Onchiri kando ya tangi la maji. Nilisimama karibu. Walimwomba aende kwa chifu na Purity, waandikiwe barua ya laini tu.

"Niende na nani?"

"Na Purity."

"Kama nani?"

Onchiri akasema yeye yuko tayari kufufua laini hata kesho. Atajwe yeye mrithi, na huyo msichana atie sahihi kwamba hapingi. Basi. Kisha akanigeukia.

"Mwandishi, unaandika haya?"

"Naandika."

"Andika jina langu vizuri. Watu huliharibu."

Alhamisi, 27 Machi

Kikao cha wazazi, kwenye chumba. Juu ya mlango tayari jina la Mokua limepakwa rangi ya buluu, bado mbichi. Kompyuta moja imeharibika.

Walikuwa wengi kuliko siku ya korido. Hoja ya Jasper na wengine: Purity ni mmoja, watoto ni arobaini. Mahari haikutolewa, hilo si kosa letu. Onchiri angeshinda hata hivyo. Mzazi mmoja alisema Purity bado ni mbichi, ataolewa. Kicheko kidogo, cha aibu.

Eucabeth aliwakatalia. Alisema hawawezi kuzunguka na mabango ya haki ya watoto wao, halafu wamvue mwenzao mbele ya chifu. Alisema mwalimu angewafukuza chumbani.

"Mwalimu angekuwa ametoa ng'ombe, tusingekuwa hapa," mtu alisema kutoka nyuma.

Ukweli mtupu. Hakuna aliyepinga.

Bosibori alikuwa dirishani nje na wenzake, wanasikiliza. Amepata kozi mbili za uuguzi zenye nafasi, ameziandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Anahitaji namba tu.

Mwisho wa kikao: kesho wote kwa chifu. Eucabeth atajaribu barua ya laini peke yake. Purity amekubali kuja. Nilikwenda kwake, mtaa wa Mwembe, kumuuliza anaonaje. Alikuwa anafua nguo za marehemu. Alisema shemeji yake ameshatuma watu wawili kuulizia kitanda.

Mhariri anataka habari hii sasa. Anasema hapo kuna machozi.

Ijumaa, 28 Machi

Ofisi ya chifu wa kina Mokua, Nyamira. Naandika nikiwa kwenye benchi la nje, dirisha liko wazi. Tumekuwa hapa tangu asubuhi.

Chifu si mtu mbaya. Aliwasikiliza wote. Eucabeth alisema vizuri kuliko wakili: andika barua ya laini ya simu peke yake, isiguse shamba, isiguse malipo, isimtaje mke wala ndugu. Chifu akapiga simu dukani Kisii. Wanataka mrithi atajwe. Akamuuliza Onchiri kama atakubali barua yenye majina yote mawili, yake na Purity. Onchiri akasema hapana. Ama yeye, ama mahakamani.

"Mimi sina haraka, bwana chifu. Hiyo tovuti si yangu."

Chifu akaeleza msimamo wake. Akimwandika Purity kuwa mke, ameamua kesi ambayo haijaletwa. Akimwandika Onchiri, na Purity asipinge kwa maandishi, ni barua ya dakika tano.

Saa nane Eucabeth alijaribu tena, kupitia pasta aliyemzika Mokua. Pasta akasema atawaombea. Saa tisa akamwambia Onchiri mbele ya watu kwamba mdogo wake alifundisha nusu ya mji na yeye anagombania kitanda. Onchiri akasema, "Sawa, mama," akaendelea kusoma gazeti. Gazeti letu, la jana.

Duka la simu linafungwa saa kumi na mbili. Kutoka hapa hadi Kisii, na mvua hii, karibu saa nzima. Jua likizama Sabato inaanza, na nusu ya kina mama waliopo hawatagusa tovuti wala kuwaruhusu watoto. Kila mtu anajua haya. Hakuna anayeyasema. Wanatazama mlango.

Bosibori na wenzake wako saiba, duka la intaneti, Kisii, wamekaa mbele ya kompyuta. Amemwandikia mamake: bado? Eucabeth alisoma, akalaza simu kifudifudi pajani. Ikatetemeka tena. Hakuigeuza.

Chifu ameshaandika karatasi. Nimeisoma. Mistari miwili: Purity hapingi Onchiri kuwa mrithi pekee wa marehemu.

Purity amekaa mbele ya meza, Ratemo mapajani. Jasper amechuchumaa kando yake.

"Dada yetu, ni laini tu."

"Kama ni laini tu, andikeni laini tu."

Onchiri akakunja gazeti.

"Na baadaye nikisema nilikuwa mke, si mtanionyesha hii?" Aliwauliza wazazi, si chifu. Mmoja mmoja. Alimwangalia Jasper, akaangalia wale wa mlangoni. Wengine walimletea chakula wiki nzima. "Mtakuja kunitetea?"

"Tutakuja," mtu alisema. Sikuona nani. Hakurudia.

Chifu ameweka kalamu juu ya karatasi. Saa kumi na robo. Mtoto ameamka, analia, anaivuta ile karatasi. Purity anamshika kwa mikono miwili, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kutogusa kalamu. Wote wanangoja mtoto anyamaze. Hanyamazi.

Eucabeth ameinuka. Tangu Jumatatu yeye peke yake ndiye aliyesimama upande wa Purity. Amepita katikati ya watu, ameinama, hamtazami usoni, amenyoosha mikono.

"Lete mtoto," anasema, "nikushikie."