Kwa Nene Lamarana, Aliyeacha Mtungi Wake Ufe

Mwaka umetimia, Nene, mama yetu, tangu Alhamisi ile uliposwali alasiri, ukasema kifua kinabana, ukalala ubavu wa kulia na usiamke tena. Mvua za kwanza zimeshanyesha hapa Labé. Tumesoma hitima, tumegawa kokwa za kola, na mimi Hassanatou, kifungua mimba wako, nimepewa kalamu niandike kwa niaba ya wote.

Tukikaa pamoja ni maswali yako tunayokumbuka kwanza. Ulifungua redio ya Baba siku ya mechi kwa sababu ulitaka kujua mlio ule wa kukwaruza unatoka wapi. Ulijua. Redio haikusema tena. Njiani kwenda Mamou uliwasimamisha abiria wote ili ukamwulize mwanamke mmoja kwa nini anachuna gome la mti ule na si la mti mwingine. Walikunung'unikia, nawe ukarudi kitini umefurahi kama mtoto aliyepewa asali.

Na mikono yako, Nene! Bluu mpaka kwenye vifundo, sikukuu na siku za kawaida. Tulipokuwa shule tuliionea haya. Uliuonja mtungi wa nili, rangi ya vitambaa uliyoichachusha mwenyewe, kila asubuhi kwa ncha ya kidole kama mpishi anavyoonja mchuzi, kisha ukatuambia mtungi umeamkaje: "Leo amenuna. Leo ana njaa, leteni majivu."

Miaka saba iliyopita nesi alipita mtaani kwetu akitafuta nyumba za kuwapokea wanawake waliotoka kufanyiwa upasuaji wa fistula, wale waliokaa na uchungu wa kuzaa siku nyingi mpaka wakaumia ndani na kuanza kuvuja mkojo. Walihitaji pa kupumzikia kabla ya kurudi kwao. Baba alisema apewe siku mbili afikiri. Wewe ulikuwa umeshamwuliza nesi, "Wanakula nini?"

Ndivyo Kesso alivyoingia kwetu kutoka upande wa Tougué, akiwa na miaka ishirini na moja na kifurushi kimoja. Mtoto wake alizaliwa amekufa. Mumewe alioa mwingine. Miaka minne aliishi peke yake katika kibanda nyuma ya nyumba ya mama yake. Tulipompa kiti alikataa.

"Nitachafua," alisema.

"Bado unavuja?" ukamwuliza hivyo hivyo, waziwazi. Sisi tulitazama chini kwa aibu.

"Hapana, Nene. Wiki ya tatu hii."

"Basi keti. Na ukivuja tutafua. Hapa kazi yetu ni maji."

Alikaa. Ukaanza kumwuliza, si juu ya ugonjwa, bali miaka minne ile alikuwa akifanya nini mchana kutwa. Akasema alikuwa akishona viraka. Ukataka kuviona. Akafungua kifurushi, nawe ukatuita kwa sauti iliyomshtua: "Njooni muone mkono huu! Sindano yake hata haionekani imepita wapi!" Ulijua papo hapo maana yake. Kitambaa kikishonwa vile kabla ya kuchovywa, nili haipenyi kwenye mshono, na ua linabaki jeupe.

Wiki zake za kupumzika zilipokwisha, Kesso aliuliza, "Nikirudi, nitarudi na nini?" Ulikwenda kwa nesi ukaomba uletewe wengine wawili, wakaja Djénabou na Mariama Kindy. Ukawanunulia mitungi mitatu, mkaipanga nyuma ya nyumba karibu na bafu, maana wenyewe waliomba wasionekane na watu.

Shangazi Dalanda, dada yake Baba, alifika kabla mitungi haijajazwa.

"Wifi, umefungua hospitali au duka? Nili ina wivu. Mwanamke aliyeharibika haigusi. Itakufa, na jina lako nalo."

"Nani aliwahi kujaribu?"

"Hakuna aliyejaribu! Ndiyo maana ukaitwa mwiko."

"Kumbe hatujui."

"Ah! Nyinyi wa ukoo wa Baldé, hata mkiambiwa moto unaunguza mtataka kuweka kidole."

Ulicheka naye. Lakini Desemba, mitungi yote mitatu ilikufa. Povu liliisha, maji yakawa ya kijivu, na kitambaa kikatoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Kabla ya Ijumaa soko zima lilijua. Mama mmoja aliyekuwa ameagiza nguo za harusi ya bintiye alituma mtu kusema usihangaike tena.

Tulimkuta Kesso anafunga kifurushi chake.

"Niache niende, Nene. Ni mimi."

"Unajuaje kama ni wewe?"

"Watu wote wanasema."

"Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini na sijui. Watu watajuaje? Kaa mpaka tujue."

Ukabadilisha majivu. Ukabadilisha maji. Ulionja mpaka ulimi ukawa bluu, na Baba akasema hali nawe sahani moja. Kisha asubuhi moja ya baridi kali tulikukuta umekumbatia ukuta wa jiko, shavu lako limegandamana na udongo. Tuliogopa.

"Nene, una nini?"

"Shikeni hapa."

Tukashika. Ukuta ulikuwa na joto la moto wa jana, na mtungi wako ulikuwa umeuegemea kama siku zote. Ukatuvuta mpaka kule bafuni. Mitungi ya akina Kesso ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Mama yangu aliweka mtungi jikoni, nami nikaweka jikoni," ukasema. "Sikumwuliza kwa nini. Mimi, ninayeuliza kila kitu!"

Tulidhani yamekwisha, tuihamishe mitungi basi. Ukakataa. Ulisema Dalanda na soko wataona ni maneno ya kuwatetea wasichana tu. Ukautoa mtungi wako mwenyewe, ule wa urithi, uliokuwa hai tangu kabla sijazaliwa, ukaupeleka nyuma kwenye baridi. Ungeuhudumia wewe peke yako. Akina Kesso wakaanza mpya kwenye ukuta wa jiko, nawe ukaapa hutatia hata kidole.

"Lamarana," Baba alisema, "huo ndio unaotulisha."

"Najua."

"Na mtungi ukifa?"

"Tutakuwa tumejua."

Ulimwalika Shangazi aje kila siku aone kwa macho yake. Alikuja na kola zake, akakaa kama mtu aliyekuja ngomani.

Siku ya tisa mtungi wako ulipoteza povu. Siku ya kumi na moja ulikuwa umekufa. Ulilia, Nene. Hukutuficha. Ulijifuta kwa mkono ule wa bluu, kisha ukaenda jikoni kutazama. Kesso alikuwa anachovya. Povu lilikuwa limesimama lenye rangi ya shaba. Alitoa kitambaa, kikatoka kijani, kikapata hewa, kikageuka bluu mbele ya macho ya Shangazi Dalanda, na maua yake meupe yamesimama wima. Shangazi aliinuka. Akachovya kidole, akaonja.

"Mh."

"Mh nini?" ukamwuliza.

"Huu ni mkali kuliko wako."

Aliagiza vazi la sherehe ya kumpa jina mjukuu wake, na soko zima likamsikia akisema, "Hili ni la wasichana wangu."

Si yote yaliyonyooka. Yule mama wa harusi hakurudi kamwe, na mkikutana alivuka barabara. Djénabou alianza kuvuja tena, akapasuliwa mara ya pili, akakataa kugusa kitambaa nusu mwaka mzima. Ulimwachia kigoda chake hapo hapo, hukuruhusu mtu akikalie. Siku moja akakikalia. Leo ndiye anayeshona mikoba inayokwenda mpaka Konakri. Mariama Kindy anauza vilemba hapa sokoni. Kesso alirudi Tougué na mitungi miwili, na sasa anafanya kazi na wanawake sita.

Tunalo swali moja ambalo hatukukuuliza: ulijua mtungi wako utakufa, au ulitumaini hautakufa? Baba anasema ulijua. Shangazi anasema hukujua, ndiyo maana ulilia. Tunabishana mpaka chai inapoa.

Juzi Kesso alikuja kwa hitima, na nyuma yake msichana wa miaka kumi na saba ambaye Kesso mwenyewe alikwenda kumtafuta kijiji cha mbali. Bado anavuja, anasubiri zamu ya upasuaji. Alisimama mlangoni, hakuingia. Shangazi Dalanda alimshika mkono, akampitisha moja kwa moja hadi chumbani mwako, akamtandikia kitanda chako. Amelala humo hadi leo.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema, Nene. Unakumbukwa na mumeo Alpha Oumar Diallo. Wanao Hassanatou, Ousseynatou na Thierno Saliou. Wajukuu wako wanne. Wifi yako Dalanda. Na binti zako Djénabou, Mariama Kindy na Kesso.

Siku zote tutakuwa nawe mioyoni.