Kikombe cha Goweko

Jumatatu, 3 Juni
Masanja,
Vijiko viwili vya maziwa leo, baada ya uji. Tumbo limenguruma hadi adhuhuri, halikuuma. Muuguzi wa zahanati alisema nianze kidogo, nile kwanza, nisiruke siku. Hakusema itachukua muda gani. Arobaini yako, mume wangu, ni tarehe 22. Mama yako atanipa kikombe cha maziwa, kama kila ninapokwenda Goweko. Miaka kumi na moja ulikinywa wewe, maana tumbo langu halipokei maziwa, yeye akigeuka kuangalia moto. Sasa nani?

Alhamisi, 6 Juni
Robo kikombe. Gesi. Sijui kama ni maziwa au ni kulia. Vyote vinakaza mahali pamoja.

Jumatatu, 10 Juni
Nimenunua maziwa ya mgando sokoni. Kikombe kizima, na viazi vitamu. Tumbo kimya! Nikacheka peke yangu, kisha nikaona aibu.

Ijumaa, 14 Juni
Mgando, siku ya tano. Nadhani nimefuzu.

Jumanne, 18 Juni
Nimejaribu maziwa yasiyoganda, kikombe kizima. Nimeshinda chooni. Muuguzi kanicheka: "Mgando umeshachacha, dada, ni mwepesi. Tumbo hukulifundisha, umelikwepesha."
Siku nne zimebaki. Nina hasira na wewe. Ungemwambia mama yako. Au ningemwambia mimi. Niliona kukataa maziwa yake ni kuikataa nyumba. Wewe uliona nini? Hukusema.

Jumamosi, 22 Juni
Goweko. Watu wengi. Baada ya dua Mama akaniita jikoni. Nikapiga magoti, nikamwamkia. Akanipa kikombe kilekile cha bati, kilichobanduka rangi ukingoni. Kimejaa. Akageuka kuangalia moto. Akangoja.
Mafunda mawili. Nikashindwa.
"Mama, yananiumiza tumbo. Alikuwa akinywa yeye."
Hakugeuka. "Najua. Unadhani nilikuwa nakijaza kwa ajili ya nani?"
Kisha akanyoosha mkono nyuma. "Lete, mwanangu."
Akanywa yaliyobaki.

Jumapili, 23 Juni
Nimerudi Tabora. Tumbo limeuma kidogo tu. Bado sielewi. Kama alijua, mbona aligeuka hata jana, na wewe hupo? Sikumwuliza. Wakati wa kuagana alisema nikirudi atanitilia nusu kikombe.
Asubuhi hii vijiko viwili, baada ya uji.
Huko uliko, unikumbuke.