Mstari wa Mwisho wa Insha ya Felista

Kijijini Itiryo,
Posta ya Tarime.
14 Septemba 1975

Mpenzi rafiki yangu Teresia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mwanza, na kwamba masomo ya uuguzi na zamu za wodini hazijakumaliza. Pole tena kwa msiba wa mama. Kila nikipita mbele ya nyumba yenu natafuta macho yake mlangoni, nasahau kwamba hayupo. Sisi huku hatujambo. Mvua imechelewa, ulezi umepanda bei, na kijiji kinaendelea kujengwa.

Katika barua yako uliniomba nikuelezee harusi yangu yote bila kuacha kitu, ili usome jambo la furaha kidogo. Nimeona aibu kuchanganya harusi na msiba katika karatasi moja, lakini umeomba, na ukweli ni kwamba nikianza kumtaja Rubeni siwezi kujizuia.

Teresia, nimeolewa! Miezi mitano sasa na bado naamka nikijiuliza kama ni mimi. Yale tuliyokuwa tukinong'onezana bwenini kidato cha nne, kuhusu mwanamume atakayekusikiliza mpaka umalize sentensi, nilidhani ni ya vitabuni tu. Kumbe yupo, na alikuwa anafundisha Kiingereza darasa la saba hapahapa Itiryo. Akirudi kutoka shuleni hupiga kengele ya baiskeli mara mbili pale kwenye kona, nami hukimbia na unga mikononi. Wanawake wa jirani wananicheka, wanasema mke wa mwalimu anaitwa kwa kengele kama mwanafunzi. Wacha wacheke.

Gauni alinishonea Sabaha, yule fundi wa Kiislamu wa Nkende, na akanichagulia kitambaa yeye mwenyewe kwa kuwa alisema nimekonda, na cheupe chepesi kingenifanya nionekane kama chandarua. Mama yako alikuja na kibuyu cha maziwa. Alicheza kuliko mama yangu mzazi, kisha akamshika Rubeni sikio mbele ya wageni, akamwambia kwamba huyu binti amekula ugali wake likizo zote za sekondari, kwa hiyo akimpiga atakuwa amempiga mtoto wake yeye, Gati. Rubeni akajibu kwamba yeye chombo anachojua kushika ni chaki tu. Watu walicheka sana. Hivyo ndivyo nilivyoolewa, nikiwa na mama wawili.

Sasa nikueleze kazi ya Rubeni, kwa sababu mambo mengine yote yametoka huko. Yeye hakufundisha Kiingereza kwa kukaririsha tu. Aliona watoto wanasoma habari za vitu ambavyo hawajawahi kuviona, akaamua wasome habari zao wenyewe. Kila wiki alitoa tatizo moja la kijiji. Wiki hii kuni, wiki ijayo maji machafu, kisha udongo unaobebwa na mvua, kisha ulevi, kisha wizi wa ng'ombe. Watoto walikwenda kutazama, wakarudi darasani wakajifunza maneno yake, halafu wakaandika insha. Usingeamini jinsi walivyokipenda Kiingereza. Rubeni aliniambia sababu, akawa anacheka. Nyumbani kwao hakuna anayekisoma, kwa hiyo kwa Kiingereza waliandika mambo ambayo kwa Kiswahili wasingethubutu. Baba gani anapiga, nani anakata mti wa nani, pombe inapikwa wapi. Rubeni alisahihisha makosa, akarudisha madaftari, na hakumwambia mtu hata neno moja. Mimi tu, mkewe, alinisomea jioni tukila.

Matatizo yenyewe unayajua, ingawa hujakaa sana kwenye kijiji hiki kipya. Tulipoletwa hapa wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini tulikuwa kaya zaidi ya mia tatu, na kila kaya ilijenga na kupika kutoka kilima kimoja. Sasa kilima kina upara. Mvua ikinyesha, udongo unashuka mpaka kwenye chemchemi, na maji tunayochota yana rangi ya chai ya maziwa. Watoto wanaharisha. Ndiyo maana mkaguzi wa shule alipoandika kwamba atakuja siku ya wazazi ya mwezi wa sita kusikiliza mafundisho haya mapya, kijiji kizima kilifurahi, na mimi nikafurahi kuliko kijiji kizima.

Rubeni alipanga mwanafunzi asome insha kwa Kiingereza, nami nisimame kando nitafsiri kwa Kiswahili ili wazazi waelewe. Alichagua ya Stanslaus, kuhusu vyoo. Ilikuwa insha nzuri lakini ya kawaida. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimepekua madaftari yote mezani kwetu, na nilijua iliyo bora ni ipi. Ilikuwa ya mdogo wako Felista. Nikamwomba Rubeni tubadilishe. Akasita, akasema ile ya Felista ni ya darasani. Nikamwambia kwamba mkaguzi hatakuja mara mbili. Nilimsihi kama mke mpya anavyojua kusihi, naye akanyamaza, nami nikachukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo.

Felista alipoitwa mbele hakuja. Alisimama kwenye mstari wa wenzake akatikisa kichwa, akinitazama mimi. Nilidhani ni haya ya msichana. Nikachukua daftari nikasoma mwenyewe, sentensi ya Kiingereza kwa mkaguzi, kisha ya Kiswahili kwa wazazi.

Aliandika kuhusu kilima na udongo na maji, vizuri kabisa. Kisha akaandika kwamba kule kwenu kwa zamani, kwenye boma lenu la mlimani, maji bado ni safi, kwa sababu baba yenu marehemu alikataza mtu asikate mti wowote karibu na chemchemi, na mama yenu bado anailinda. Kwamba kila Jumatatu mama huaga anakwenda kutafuta kuni, lakini huenda huko, hukaa siku mbili katika kibanda kilichosalia kando ya kaburi la baba, huwasha moto katika nyumba ya mumewe ili isiwe mahame, na amepanda ulezi. Kwamba kila mtu angelinda chemchemi kama mama yenu, kijiji chetu kingekunywa maji mazuri.

Teresia, aliandika kumsifu mama yake. Nilisoma kwa sauti ya kusifu. Mkaguzi alikuwa anatabasamu na kuandika. Mimi nilikuwa namtazama Rubeni, jinsi shati lake jeupe lilivyompendeza, na sikutazama upande waliokaa viongozi. Nilipomaliza watu hawakupiga makofi. Alipiga mkaguzi peke yake.

Yaliyofuata uliandikiwa na wajomba zako, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Kurudi kwenye maboma ya zamani kulikuwa kumekatazwa. Mwenyekiti wetu, mzee Magige, alikuwa amesimama mbele ya mgeni akisikia kwamba katika kijiji chake kuna mtu anamdanganya kila Jumatatu. Asubuhi yake, Jumanne, mgambo walikwenda. Walichoma kibanda na ghala pamoja na ulezi uliokuwamo. Mama walimkuta, wakamleta juu ya tela la trekta mchana kweupe, amekaa kati ya masufuria yake, na watoto wa shule walikuwa wakitoka kula wakamwona. Wengine walimzomea. Felista alikuwa katikati yao.

Kuanzia siku ile mama hakula chakula kilichopikwa na Felista. Hakumtukana, hakumpiga. Mtoto aliweka sahani, mama akaisukuma kwa mgongo wa mkono, akaomba kwa jirani. Felista alilia, akasema kwamba aliandika, ndiyo, lakini mwishoni aliandika pia kumwomba mwalimu asimwambie mtu. Mama alisema, "Mtu anayetunza siri haiandiki."

Mwezi wa saba wazee wa ukoo wenu walikaa wamalize jambo hilo. Walitaka kujua kama ni kweli mtoto aliomba siri itunzwe. Walisema kama aliomba, basi kosa si lake, ni la mwalimu aliyeitoa, na mama atakula. Rubeni alikuwa Musoma, mkaguzi alimwita kwenye semina awafundishe walimu wengine njia yake. Basi wakaniita mimi na daftari. Mjomba wako Wangwe alinipa kiti, akasema, "Wewe ni mtoto wa Gati pia. Tusomee mpaka mwisho."

Na sasa nifike nilipokuwa nazunguka kurasa hizi zote nisifike.

Barua yako, Teresia, uliyoniandikia baada ya mazishi, ninayo hapa. Umeandika kwamba huna kinyongo nami, kwamba mimi nilisoma tu nilichopewa, na kosa ni la mdomo wa Felista, na kwamba umemwandikia kumwambia huna mdogo tena. Nimeisoma mara nyingi. Najua alipokea yako, kwa sababu siku ile alikuja darasani na bahasha akaishikilia kutwa nzima, hakuandika kitu.

Mstari ule upo. Upo nyuma ya ukurasa, peke yake, kwa mwandiko wake mzuri. Nimeutafsiri kichwani kila siku tangu hapo: *Tafadhali, mwalimu, hili ni letu wewe na mimi, usimwambie mtu yeyote.* Siku ya wazazi niliuona. Sikuukosa. Niliuona asubuhi mezani, na niliuona tena nilipogeuza ukurasa mbele ya watu, nikaona unaharibu mwisho mzuri, nikaufunika kwa kidole gumba, nikafunga daftari.

Na mbele ya wazee niliuona mara ya tatu, wino wake ukipenya karatasi. Nilisoma insha yote, nikafika chini ya ukurasa, sikugeuza. Nilisema, "Inaishia hapa." Felista alikuwa amekaa chini kando ya mlango. Hakubisha. Alinitazama tu kama alivyonitazama akiwa kwenye mstari wa wenzake, na nikajua kwamba hata siku ile ya kwanza haikuwa haya. Mama aliinuka akatoka. Nilirudi nyumbani nikachana ukurasa nikauficha ndani ya Biblia ya harusi.

Utaniuliza kwa nini. Wiki ileile habari zilikuwa zimefika kwamba Rubeni atakuwa mwalimu mkuu. Kama ningesoma mstari ule, wazee wangesema mwalimu aliombwa siri na mtoto akaitoa kwa mkewe, na mkewe akaitangaza. Ingekuwa kweli pia. Nilimfikiria yeye na baiskeli yake na shati lake, na nikachagua. Sikuchukua muda mrefu kuchagua, Teresia. Hilo nalo ulijue.

Aliporudi nilimwambia yote. Aliuacha ugali ukapoa. Kisha akasema, "Umeshasema, Kezia. Tukirudi nyuma sasa watatuondoa wote wawili." Akanishika mkono. Nami, Mungu anisamehe, nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Sasa ni mwalimu mkuu. Kijiji kimetujengea nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye madirisha mawili mbele. Kuni za tanuri zilitoka kule mlimani kwenu, kwa kuwa boma lilikuwa halina mwenyewe tena. Ile mikuyu ya chemchemi yote imekatwa. Athuman, mwenye gari la mizigo, alipita huko wiki iliyopita akasema pamebaki tope la kunyweshea mbuzi. Nyumba ni nzuri. Asubuhi jua huingia mpaka kitandani. Naandika barua hii ndani yake.

Mama yako alikufa akiwa hajala mkononi mwa Felista tangu mwezi wa sita. Hili najua wajomba hawakukuandikia: siku ya kunyoa, watoto wa marehemu waliokuwapo walinyolewa na wajukuu pia, Felista akakaa kwenye foleni na wenzake, na zamu yake ilipofika mwenye wembe akamruka. Familia yenu yote ina vichwa vilivyonyolewa kijijini, na yeye anatembea na nywele zake, na kila mtu akimwona anajua kwamba ukoo umemkataa. Anaishi kwa jirani, analala jikoni. Shuleni bado anakuja, lakini somo la Kiingereza likianza hutoka nje akakaa chini ya mlingoti wa bendera mpaka liishe. Rubeni hamwiti.

Ndani ya bahasha hii nimeweka ukurasa wenyewe. Usome wewe uliyesoma Kiingereza, utaona mwandiko wake, na chini yake utaona wino mwekundu wa mume wangu, alama kumi kwa kumi. Hapa katikati nilikuwa nimeandika kukuomba usiwaonyeshe wazee mpaka Januari, Rubeni atakapothibitishwa. Nimekata maneno hayo kwa mstari, lakini bado yanasomeka, na sikutaka kuanza karatasi nyingine. Fanya unavyoona. Mimi mwenyewe sitaweza kusimama mbele yao tena. Nimejaribu. Mara mbili nimefika mpaka kwenye ua wa mjomba Wangwe, nikasikia ile kengele kwenye kona, nikarudi mbio.

Wasalimie wenzako wote chuoni, na yule Sista mkali uliyeniandikia habari zake. Mama yangu anakusalimu. Rubeni naye angekusalimu, ila hajui kwamba nimekuandikia. Athuman ataipeleka posta ya Tarime kesho.

Ukija likizo ya Desemba usihangaike kuniletea zawadi ya harusi uliyoniahidi. Njoo na wembe.

Ni mimi,
Kezia