Konzi ya Kwanza ya Karanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea na shikamoo nyingine ya ile asubuhi niliyoondoka, maana nilikuwa najizuia kulia, nikapanda gari bila kukuamkia. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na viatu ulivyoninunulia havinibani tena. Wewe je? Magoti yanakuruhusu kuinama? Kuku wanataga? Na kile kikohozi chako cha siku za kukaanga, kimepungua? Ukinijibu, anza na hicho kikohozi. Mdogo wangu mwambie kitanda chote sasa ni chake, asiendelee kulala ukingoni kwa mazoea.

Barua hii isome peke yako kwanza. Ningeweza kupiga simu, lakini unanijua. Ningekuuliza habari za kuku, nikauliza tena habari za kuku, kisha nikakata.

Siku naondoka uliniuliza mtu analipwaje kwa kukata matango. Kwa kweli hata mimi sikujua. Unamkumbuka mpishi wetu wa shule, yule mama mnene aliyenichukua kazini. Moshi wa jikoni ulimharibu kifua mpaka daktari akamwambia achague, moto au pumzi. Akachagua pumzi. Sasa anaandaa vyakula vibichi, tunavifunga kwenye makopo yenye mifuniko na kuwapelekea watu mchana, maofisini na madukani. Mtaa mzima unamwita Mama Bilamoto. Fundi viatu wa mlango wa pili huniuliza kila nikipita kama mbuzi wetu wa mjini wameshakula. Mama Bilamoto humjibu akiwa ndani kwamba mbuzi hawajambo, na hakuna hata mmoja mwenye kitambi kama cha fundi. Siku fundi alipogundua kwamba maji ya kuoshea mboga tunayachemsha kwenye birika la umeme, alitangaza barabarani kwamba amemkamata, na mpaka leo hajaliacha hilo.

Kazi yenyewe si ndogo, Mama. Wewe ukipata mgeni wa ghafla unaongeza kuni. Sisi hatuna cha kuongeza. Chakula cha kesho tusipokifikiria leo, hakipo. Choroko zinalowekwa, halafu zinaoshwa asubuhi na jioni mpaka zitoe vimkia. Mbegu za alizeti lazima zilale kwenye maji ndipo zisagike ziwe laini kama tui. Kabichi tunaikata nyembamba kama uzi, tunaifinya kwa ndimu na chumvi mpaka inalegea yenyewe, ukiila utaapa imepita jikoni. Maharage hatuyagusi. Siku yangu ya kwanza aliniambia kwamba maharage mabichi ni ugomvi wa tumbo, tuwaachie wenye moto wao.

Lakini ugumu hauko kwenye kisu, uko kwa watu. Kila mteja ana lake. Mhasibu hali kitunguu hata chembe. Mshonaji ana kisukari, kwa hiyo embe lake tunalipima na ndizi hatumwekei kabisa. Bibi wa duka la vitambaa amebakiwa na meno ya mbele tu, karoti yake naikwaruza mpaka inakuwa kama unga. Karanga zina kisu chake, ubao wake na kitambaa chake, na haviruhusiwi kuvuka meza kwenda upande wa pili. Mama Bilamoto husema kwamba mpishi asiyeuliza anapikia watu wa kichwani mwake. Basi akanipa kazi ya kumuuliza kila mteja mpya kama kuna chakula ambacho mwili wake unakikataa.

Hiyo kwangu ilikuwa adhabu. Kaka zangu hawakuniita Kobe bure. Ofisi ya kwanza nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka mfagiaji akanihurumia, akaniambia nafasi za kazi zimejaa, nijaribu mwaka kesho.

Halafu akaja mwalimu wa udereva. Watu wanamwita Polepole, kwa sababu ndilo neno analowapigia kelele wanafunzi wake kutwa nzima. Ni mtu mkubwa, mcheshi, hata taa za gari lake zinaonekana kama zinacheka. Nilipomuuliza mwili wake unakataa nini, alisema unakataa kuamka mapema tu, mengine yote anakula, hata mawe, mradi yamenywe maganda. Basi tukamwekea kabichi na mchuzi wa karanga mbichi za kusaga kama wengine. Akasifia sana. Lakini kopo lilirudi mchuzi umesukumwa pembeni. Alisema ameshiba. Kesho yake tena, mchuzi pembeni, ameshiba. Nilipokuwa nachukua kopo nikamwona anajikuna chini ya kidevu na kukohoa kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua.

Mama, nilisimama pale na kopo mkononi, na sikuwa namfikiria yeye. Nilikuwa nakufikiria wewe.

Nilimweleza Mama Bilamoto. Hakutaka hata nimalize. Alisema karanga zisimkaribie tena yule mtu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeona, basi mimi ndiye nitakayemuuliza vizuri. Nilimkuta uwanjani kwao, amesimama kando ya gari na wanafunzi wake. Nikauliza kwa sauti yangu ile, akasema hasikii. Nikauliza tena, akasema hasikii. Nikauliza kwa nguvu mpaka binti aliyekuwa kwenye usukani akashtuka na gari likazimika. Polepole akacheka, akawauliza wenzake lini wameona mwanamume mzima ameshindwa na karanga. Wote wakacheka. Kichwa changu kilikuwa tayari kinarudi ndani ya gamba. Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nilimwambia kwamba sikumuuliza kama ameshindwa, nimemuuliza kama zinamuwasha.

Akanivuta kando, akasema ndiyo, tangu utotoni. Mdomo unawasha, koo linabana. Nyumbani kwao walimwambia anachagua chakula, kwa hiyo akajifunza kula kidogo na kusema ameshiba. Juzi pumzi ilimbana akiwa njiani na mwanafunzi, akasimamisha gari akasingizia anakagua tairi. Mama Bilamoto alimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, akimfokea njia nzima. Daktari akasema ni mzio, na kwamba kitu kinachowasha leo, siku nyingine kinaweza kuziba koo kabisa. Akamwandikia dawa ya kutembea nayo. Sasa mchuzi wake ni wa mbegu za alizeti, na kopo linarudi kama limelambwa. Tatizo ni kwamba akiniona barabarani anapiga honi na kumwambia kila mtu kwamba yule pale ndiye daktari wake.

Sasa Mama, nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika. Usiikunje barua.

Nyumba yetu imejengwa kwa karanga. Baba anakaanga, Baba anauza, hata mto wake unanukia karanga. Lakini katika umri wangu wote sijawahi kukuona ukimeza hata moja. Mchuzi ukiwa wa karanga, wewe huwa ulishaonja jikoni na umeshiba. Karai likiwa motoni unajifunga kitambaa puani, unasema vumbi. Siku kaka alipomaliza chuo ulivimba midomo, ukasema umeumwa na nyuki. Mimi nilimtafuta yule nyuki jioni nzima.

Na konzi ya kwanza. Kila karai likiiva, Baba anachota konzi ya kwanza, anazipuliza maganda, anakuletea wewe mkononi, kabla ya wateja na kabla ya sisi watoto. Unaipokea kwa mikono miwili, unasema asante baba watoto, unaifunga kwenye pindo la kitenge. Nilipokuwa mdogo nilikufuata nyuma ya nyumba, nikakuona unawamwagia kuku. Nilidhani unawapenda kuku kupita kiasi.

Sisemi ulidanganya, Mama. Nadhani ulikuja bibi harusi, kijana wa karanga akakuletea konzi yake ya kwanza huku amefurahi, ukamtazama usoni, ukashindwa. Hata mimi ningeshindwa. Ukimya wangu sikuuokota njiani, nimeurithi kwako.

Sasa unisamehe kwa hili. Nimemwambia Baba. Nilimpigia, nikafumba macho, nikasema yote bila kupumzika. Halafu akauliza, kuku? Nikasema ndiyo Baba, kuku. Akasema kwa sauti ndogo kwamba siku zote alikuwa akishangaa kuku wetu wanavyonona. Kisha akauliza, sasa mama yako anapenda kula nini? Mimi mtoto wako sijui, na yeye mume wako hajui.

Akaniomba nikuulize mimi, eti yeye anaona haya. Mama, kwa mara ya kwanza maishani nilimkatalia Baba. Nilimwambia swali hilo ni lake.

Nilimwomba asiseme neno mpaka barua hii ikufikie, kwa sababu nilitaka usikie kwangu kwanza kwamba hakuna aliyekukasirikia. Najua umeona amehamishia karai dukani na kukwambia paa la uani linavuja. Paa halivuji. Na najua umeona siku hizi hakuletei konzi ya kwanza. Hilo ndilo lililonifanya niandike haraka, usije ukadhani amekuchoka. Anaogopa mikono yake. Aliniambia anaiosha kwa sabuni kabla ya kuingia ndani, na bado haamini kama imetakata.

Ameshapanga kukupeleka hospitali. Nenda naye. Usimwambie daktari ni vumbi, wala nyuki.

Nikipata likizo nitakuja na mbegu zangu za alizeti, nikufinyie kabichi kwa ndimu, tule sahani moja. Kwa sasa nawasalimu wote hapo nyumbani, majirani na kaka zangu, waambie Kobe ametoa kichwa kidogo. Mama Bilamoto anakusalimu sana, anasema amekulelea binti, ila bado anakata nyanya kama anaziomba radhi. Kuku nao wape pole, neema yao imekwisha.

Na Baba akija akakaa karibu yako mikono mitupu, akakohoa bila kuwa na kikohozi, ujue anatafuta pa kuanzia. Usimsaidie, Mama. Mwache aulize mwenyewe. Na akiuliza, usiseme umeshiba.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Kobe